Orodha ya Kwenda Kisiwani

Ngo!

Sauti moja tu, kama kafi likigonga ubavu wa mtumbwi. Ilitoka chini ya kitanda cha Clara, hapa Tegeta.

Tekla akaweka kalamu chini. Alikuwa akiandika orodha ya wasafiri: yeye, baba yake Mzee Kasiani, na mwanawe Clara. Mwezi ujao wangepanda basi Mbezi Luis, kisha wavuke ziwa hadi kisiwa cha hifadhi alikozaliwa mzee, kabla watu hawajahamishwa na kisiwa kuachiwa wanyama.

Alichungulia chumbani. Sakafuni palikuwa na maji yanayonuka dagaa. Aliporudi mezani, jina la Clara lilikuwa limelowa, limefutika.

Akaliandika upya. Kesho yake likafutika tena. Siku ya tatu mtoto aliitwa kula, hakuitika.

"Clara! We Clara!"

"Clara ndo nani, mama?"

Jioni ile akaitwa jirani, Bi Mwajabu, mtoa majini. Alinusa nywele za mtoto, akashusha sauti.

"Jini la maji hili. Linachukua jina la mtoto kwa sababu lake halitajwi. Mzee wangu, nani hujamwita?"

"Mie Mkristo, bi mkubwa."

"Jini haliulizi dini. Likilala na jina hili leo, mjukuu ndo basi tena."

Maji yakaanza kububujika, yakapanda taratibu juu ya simenti, yakabeba ndala za Clara, na harufu ya dagaa ikazidi, ikawaingia puani na kooni, na mtoto akakaa wima kitandani, macho kayafumba, akisema kwa sauti ya msichana mkubwa, kwa lugha ya kisiwani ambayo hakuna aliyemfundisha, neno moja lile lile, tena na tena, mpaka mzee akaziba masikio.

"Anasemaje, baba?" Tekla alinong'ona.

"Anasema, niite."

Mzee akashusha mikono masikioni.

"Nilikuwa na dada. Siku ya kuhama alikwenda kuni, hakurudi. Mama kalala na homa, boti imejaa, nikaogopa tutaachwa sote. Karani wa boti alipoita jina la dada kwenye orodha, nikaitika mimi, kana kwamba yumo. Boti ikaondoka. Tangu siku ile sijalitamka."

"Basi mwite," alisema Bi Mwajabu. "Atamwachia mtoto. Ila anayemwita ndiye atakayepandwa, na huyu sitaweza kumtoa."

Tekla akamshika baba yake mkono. "Niambie hilo jina, baba. Nitamwita mimi."

"Wewe hukumwacha."

Akautoa mkono wake polepole. Akapiga magoti majini, akamkumbatia mjukuu aliyekuwa baridi kama samaki, akaweka midomo sikioni mwake, na kwa sauti nyembamba ya mvulana mwenye hofu, akaita:

"Auleria."