Mashine Ilikufa, Muhindo Akanyamaza

— Mama, juu ya nini unaniletea makala siku ya dot yangu?

Delphine aliuliza akicheka, akimpokea Mama Chilufya gunia la makaa langoni kwa baba yake, Lubumbashi, walikongoja wageni wa mahari. Mama Chilufya hakucheka. Ndiye aliyesimamia wanawake kwenye moulin, mashine ya kusaga mahindi, kijijini upande wa Kasomeno. Delphine aliianzisha ili akina mama wapate kazi hukohuko, na mishahara yao ndiyo ilipe walimu wa shule. Yeye aliuza unga mjini. Mchumba wake, Muhindo, mfanyabiashara wa jumla, aliuleta kwa lori na kurudi na mishahara.

— Njo kazi yetu ya sasa, mwanangu. Tunachoma makala.

— Na moulin?

— Moulin gani? Moteri ilikufaka mu mvua. Muhindo alisema utatuma ingine.

— Lakini bunga inafika kila juma! Mu mifuko yetu, na jina ya kijiji juu!

— Mifuko alibebaka yote.



— Na batoto ku masomo?

— Tungelipa balimu na nini? Balienda. Batoto nabo balitufwata ku makala.

— Mwansa je? Mwansa yako?

Binti huyo alikuwa wa kwanza darasani kila mwaka. Mama yake aliinamisha kichwa.

— Tulimuoza.

— Iko na miaka kumi na tano, mama!

— Najua. Miye njo nilimuzala.

Delphine alichukua simu, akampigia Muhindo.

— Chérie, tuko karibu! Banoko banaimba mu motoka, Muhindo alisema, na kweli wajomba zake walisikika.

— Muhindo, moulin inasaga?

Muhindo aliwaambia wajomba wanyamaze.

— Nakuuliza.

— Mama Chilufya iko apo?

Delphine akakata simu. Swali lile lilitosha kumwambia yote.

Waliwasili na mbuzi wa dot, kama desturi ya Wanande, watu wa Muhindo, inavyotaka. Muhindo alishuka mbio, suti mpya, jasho usoni.

— Ulisemaka hatutaoana mpaka moulin isimame yenyewe mwaka muzima. Moteri ikakufa, nikaogopa utaniambia tungoje tena. Nikanunua bunga ya Zambie, nikaweka mu mifuko yetu. Dot ikishapita, ningetengeneza moteri.

— Na mishahara ya bamama nilikupatiaka?

— Njo ilinunua bunga.

Hapo ndipo biashara ilipomponza. Kwa muuzaji wa jumla, mzigo ukikosekana unaleta mwingine, mteja anafurahi, mambo yanaenda. Hakuona kwamba unga wenyewe haukuwa kitu. Kitu kilikuwa kazi ya kuusaga.

— Nilifanya juu nakupenda, Delphine.

— Najua. Njo inaniumiza.

— Kesho nanunua moteri mupya. Naapa.

— Na Mwansa, utamununua wapi?

 Baba wa Delphine, mzee Donat, alitoka na koti lake la sherehe.

— Binti yangu, bageni bako inje. Unatupatisha haya.

— Baba, barudie na mbuzi zao.

— Delphine!

— Barudie, baba. Nakuomba.

Akaingia chumbani akalia kwa sauti, majirani wakasikia. Alimpenda Muhindo, tusidanganyane. Angemsamehe wanawake kumi wa nje kabla ya hili.

Juma lililofuata Delphine alisafiri kijijini, akaenda moja kwa moja kwa mume wa Mwansa. Alimkuta binti mlangoni, tumbo limeanza kuonekana.

— Mwansa, nilikuya kukurudisha ku masomo. Nitasema na bwana yako. Kisha kuzala, utarudia.

Mwansa alimtazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mgeni.

— Madame, siku bananipeleka huku nilikatala. Nilibaambia: mungoje, Madame Delphine akisikia, atakuya. Balingoja siku mbili.

— Sikujua, Mwansa. Mungu anajua, sikujua.

— Mbona bunga yetu ulikuwa unauzisha?

 Simu ikalia mfukoni mwa Delphine. Ujumbe wa Muhindo: "Niko ku moulin na fundi. Inasaga. Bamama banaimba. Nikuye tuongee?"

Aliusoma mara mbili, machozi yakidondokea kioo. Akaandika: "Usikuye."