Mchumba Anayekufa Kila Filamu

Kantini ya studio pale Hollywood ilifurika waigizaji wenye njaa waliovaa kama askari wa Kirumi. Verna Pruszek, mshonaji wa idara ya mavazi, alikuwa kwenye foleni aliposikia unyevu mgongoni. Akageuka. Jamaa mrefu mwenye kofia pana alisimama nyuma yake, shati limelowa damu ya bandia.

"We kaka, umeniharibia gauni!"

"Samahani, bibie. Nimeuawa sasa hivi, sijapata nafasi ya kubadili nguo."

Verna akacheka. Hapo ndipo alipokosea.

Jamaa huyo, Lyle Haskett, mwigizaji wa filamu za wachunga ng'ombe, hakuwahi kufika mwisho wa filamu akiwa hai. Katika miaka minne ya uchumba wao alipigwa risasi, akanyongwa, akakanyagwa na ng'ombe. Verna ndiye aliyeziba matundu kwenye mashati yake. Harusi nayo ikaahirishwa mara tatu.

"Nikipata filamu moja tu ya kubaki hai, mpenzi, tunaoana kesho yake."

Mara ya nne wakapanga Jumamosi, saa nne asubuhi. Alhamisi simu ikalia: Lyle, kutoka Arizona alikokwenda kuigiza.

"Verna, nimepata! Mimi ndiye sherifu, mkuu wa polisi wa mji! Nabaki hai mpaka mwisho!"

"Hongera. Na Jumamosi?"

Lyle akashusha sauti.

"Mpenzi, tunapiga picha mpaka Jumatano..."

"Mama yangu ameshafika na treni kutoka Chicago, Lyle! Keki iko mezani! Basi muoe farasi wako!"

Akabamiza simu, akavua pete, akaitupa kwenye kopo la vifungo.

Jumamosi asubuhi alikuwa jikoni, anafumua lesi ya gauni la harusi kwa hasira, mlango ulipogongwa. Lyle, vumbi mpaka kwenye kope.

"Wamekufukuza?"

"Nimemwomba mwongozaji anipe mtu wa kufa mapema, niwahi harusi. Usherifu kapewa mwingine."

Verna alimkodolea macho. Hasira zikampanda upya.

"Miaka minne unaililia nafasi hiyo, halafu unaitupa? Mjinga wewe! Si ungeniita nije na mama, tufungie ndoa hukohuko?"

Lyle akavua kofia. "Sikuwaza hilo."

"Huwazi kamwe!" Machozi yalikuwa yanamtoka, na mkono wake umeshika kola ya shati la Lyle, hauachii. "Mama! Niletee sindano, hii lesi irudi."

"Na kanisani?" Lyle akauliza kwa woga. "Si ulishamwambia padri harusi imevunjika?"

Verna akatazama pembeni.

"Sikumwambia. Nenda kaoge, unanuka farasi."