Mfuko wa Kushoto

Asubuhi ya Jumamosi, ukumbi wa mapokezi wa hoteli ile ulijaa watu ambao mwenye busara asingewapa saa yake wamshikie. Wanamazingaombwe mia moja na ushei walikuwa wamekusanyika katika kongamano lao la kila mwaka, la siku mbili. Hawakuwa wale wa majukwaa makubwa, wanaokata watu kwa misumeno. Walikuwa wa mezani, wanaofanya kiinimacho shubiri mbili kutoka puani pako, pamoja na wenzao wasoma mawazo, ambao hutambulika kwa kukutazama kupita kiasi. Mzee mmoja alitoa yai sikioni mwa karani wa usajili.

"Mzee, hilo ni la tatu leo," karani akamwambia. "Jaza fomu."

Katikati ya msongamano huo alipita fundi wa makoti, cherehani mikononi. Alivaa gauni la samawati lenye kola nyeupe iliyopigwa pasi ikapigika, na utepe wa kupimia ulimning'inia shingoni kama mkufu. Koti la mwanamazingaombwe si koti la mtu wa kawaida: lina mifuko kumi na miwili, na inayoonekana ni minne tu. Hiyo minane mingine ndiyo iliyomlisha fundi huyu tangu ujana wake. Miaka mitatu hakukanyaga kongamano. Safari hii alikuja kwa kuwa chama kilimsihi kwa barua, na kwa kuwa alisikia kwamba mtu fulani haji tena.

Alipofika mlangoni, mtu alimpiga kikumbo. Cherehani ikamponyoka.

Hatua moja mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye koti jeusi, mikono mfukoni. Aliiona ikianguka. Hakuitoa mikono yake. Mpita njia ndiye aliyeidaka ikiwa imebakiza kiganja kufika sakafuni.

"Fundi," akasema yule mwanamume.

"Vidole." Hilo ndilo jina alilojulikana nalo na chama kizima, kwa ustadi wake wa karata. "Niliambiwa huji tena."

"Niliambiwa hivyohivyo kuhusu wewe. Umenawiri."

"Na wewe umekuwa bwana mkubwa. Cherehani inaanguka, umesimama mikono mfukoni!"

"Nilimwona jamaa ameshaiwahi."

"Zamani ulikuwa unadaka sarafu hewani, macho umefumba."

"Zamani," Vidole akatabasamu. "Siku hizi nasoma mawazo. Kazi hiyo haitaki mikono."

"Basi soma yangu."

Alimtazama kidogo, kisha akayahamisha macho. "Hapana. Hayo nayaogopa."

Akaondoka bila hata kumpa mkono. Fundi alibaki akijiambia kwamba kiburi cha mtu huyu, kama pilipili, hukauka lakini hakipoi.

Walikuwa wamependana miaka mitatu, na walionana mara ya kwanza papa hapa. Vidole alikuja kupimwa koti, akamwibia utepe wa kupimia mara nne, na mara ya nne akaurudisha ukiwa umefungwa pete ya karatasi. Akamfundisha sheria mbili za ufundi wake. Ya kwanza: ukitaka mtu asiuone mkono wa kushoto, mpe kitu cha kutazama kulia. Ya pili: mpe mtazamaji karata uliyokwisha kumchagulia, lakini aondoke akiapa kwamba amechagua mwenyewe.

Kisha ikaja ile siku. Alimwita mgahawani saa kumi kamili. Fundi alipofika, akamkuta ameegemeana na mwanamke wa gauni la kijani, wakichekeana masikioni, kikombe cha chai kikiwa kimejaa mbele ya Vidole, maziwa yameshafanya utando. Hakuuliza. Aligeuza visigino, na jioni akapiga simu: "Vidole, mimi na wewe basi." Naye akajibu neno moja tu: "Haya." Tangu hapo fundi alijisifu kwa dada yake kwamba hakuachwa; yeye ndiye aliyeacha.

Simu yake ililia alipokuwa akitia uzi katika sindano.

"Mama!" Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike wa miaka saba. "Umeshawaona wachawi?"

"Si wachawi, mwanangu. Ni wanamazingaombwe. Baba yako yuko wapi?"

"Anapiga randa. Anasema uniletee siri moja. Moja tu!"

"Baba yako au wewe?"

Mtoto akacheka. Baba yake alikuwa seremala, aliyefiwa na mkewe, mtu wa maneno machache na misumari iliyonyooka. Harusi yake na fundi ilibakiza majuma matatu.

Saa sita mchana, mwanamke aliweka koti jeusi juu ya meza. Fundi alipoinua macho alimtambua mara moja, ijapokuwa leo kijani kilikuwa cha kilemba tu. Ni yule yule.

"Habari, dada. Bitana imechanika. Mwenyewe anaona haya kuja."

"Mume wako anaona haya?"

"Mume wangu?" Yule mwanamke akaangua kicheko. "Mume wangu ni yule mzee wa mayai! Nina miaka ishirini naye na bado sijui anayatoa wapi. Huyu ni mwenzangu wa kazi tu. Aliniomba nije naye jukwaani tangu…" Alikatiza, akamtazama fundi vizuri. "Ala! Kwani wewe ndiwe wa utepe?"

"Siku ile mgahawani," fundi akasema polepole.

"Aliniambia ni mazoezi ya mchezo mpya. Nikae karibu, nicheke. Nikacheka mpaka taya zikaniuma. Nikamuuliza, mtazamaji wako yuko wapi? Akasema ameshafika na ameshaondoka."

Akaenda zake. Fundi aliligeuza koti nje ndani. Alikuwa amelishona kwa mikono yake, na koti alilolishona mtu humwambia mambo ambayo mvaaji hayasemi. Mdomo wa mfuko wa kushoto wa siri aliuacha upana wa vidole vitatu, kwa kuwa mkono wa Vidole ulikuwa ukiingia na kutoka kama ulimi wa nyoka. Sasa mdomo huo ulikuwa umechanwa, ukatanuliwa, ukashonwa upya upana wa kiganja kizima. Mishono ilikwenda kombo kama nyayo za mlevi, na pembeni mwa bitana palikuwa na vidoa vya hudhurungi, mahali sindano ilipomchoma mshonaji. Tena si mara moja.

Lakini uzi ndio uliomkalisha kitini. Ulikuwa uzi wa rangi ya zambarau, wa kibunda alichokuwa akikiacha nyumbani kwa Vidole, na ambacho alikichukua siku ile ile ya mgahawa, alipokwenda kuondoa vitu vyake. Basi mfuko ulitanuliwa kabla ya mgahawa. Kabla ya gauni la kijani. Akakumbuka kikombe kilichojaa, chai ambayo hakuna aliyeinyanyua.

Mficha maradhi, wazee walisema, kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na uzi.

Alimkuta katika chumba cha mazoezi, peke yake, wenziwe wamekwenda kula. Karata zilitapakaa chini ya meza. Alipomwona, mikono ilikimbilia mfukoni.

"Itoe," fundi akasema.

"Fundi…"

"Itoe, Vidole. Nimeona mishono yako."

"Ilikuwa mibaya sana?"

"Hata kuku angeparura vizuri zaidi."

Akacheka. Akaitoa. Mkono wa kulia ulitulia kidogo. Wa kushoto ulitikisika kama kifuniko cha sufuria inayochemka.

"Baba yangu alianza kushindwa na kijiko," akasema. "Halafu vifungo. Halafu kalamu. Mama alimlisha miaka tisa, na baba alimwomba radhi kila tonge. Ugonjwa huo ulipoanza kwangu nikasema, huyu binti wa watu sitamtia humo. Nilikuwa nakuokoa."

"Nani alikutuma?"

Vidole akainama kuokota karata.

"Nauliza, nani alikutuma? Ulinipa karata uliyoichagua wewe, nikaondoka najisifu kwamba nimechagua mimi! Miaka mitatu namwambia dada yangu nimekuacha. Kumbe hata kuachana kwetu ulikufanya peke yako!"

"Ungebaki?"

"Ningebaki. Ningekulisha hata uji, na wewe ungelalamika hauna sukari."

"Ningelalamika," akakiri.

Nje ya dirisha, mtumishi wa hoteli alikuwa akikung'uta zulia.

"Na sasa?" Vidole akauliza. "Sikuchagulii tena. Ukisema nibaki nawe, nitakubali kulishwa. Ukisema niende, nitakwenda. Karata ni zako."

Ndiyo karata aliyonyimwa miaka mitatu, na sasa ilikuwa mezani, imefunuliwa. Moyo wa fundi ulikwisha kujibu, tena kwa sauti. Lakini moyo si mkaaji pekee ndani ya mtu; mna pia neno alilolitoa.

"Kuna seremala," akasema. "Ni mtu mwema. Lakini si yeye ninayemwogopa. Yeye ni mtu mzima, ningemwambia akanielewa. Ana mtoto. Huyo alimzika mama yake akiwa na miaka minne. Mwaka mzima hakuniita jina lolote. Mwezi uliopita ameanza kuniita mama."

Vidole aliinamisha kichwa. Fundi akaishika mikono yake yote miwili, akaishikilia mpaka mtikisiko ukapanda viwikoni mwake mwenyewe.

"Siwezi kumzikia mama wa pili," akasema.

"Nilijua utasema hivyo."

"Umesoma mawazo?"

"Hapana. Nakujua."

Alasiri yote fundi alishona. Aliifumua mishono ile ya zambarau, akaupa mfuko mdomo mpana, akautandika mahameli ndani ili mkono unaopapasa upate njia. Mshono mmoja aliuacha, wenye kidoa, mahali ambapo hakuna atakayeutafuta.

Jumapili asubuhi, nyuma ya pazia la ukumbi, alimvisha koti. Vidole alijaribu kifungo cha kwanza. Kikamshinda.

"Nikufungie?"

Alisita. Ukumbini walikuwa wakimwita.

"Nifungie," akasema.

Alimfungia vifungo vyote, taratibu, kuanzia chini. Hakuna aliyeomba radhi. Kisha Vidole akatoka kwa watu, mikono ikiwa nje, ikitikisika mbele ya macho mia mbili yanayojua kutazama mikono. Fundi hakungoja kusikia makofi.

Alikuwa kando ya barabara, mbele ya hoteli, simu ilipolia.

"Mama! Umeniletea siri?"

"Nimeleta."

"Niambie!"

"Ukimwona mtu amekuficha mikono yake, usimkasirikie kwanza. Muulize."

Mtoto akafikiri. "Lakini hiyo si siri, mama. Hiyo ni adabu."

"Kweli, mwanangu. Ni adabu. Mwambie baba nimo njiani."

"Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Nimebeba cherehani," fundi akajibu. "Ni nzito."

Cherehani ilikuwa chini, kando ya miguu yake.