Baiskeli Haina Pindo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Njiti alifuta vumbi kwenye cherehani ya mama yake. Hakuna aliyemtuma. Alifuta meza, akafuta gurudumu, akadondosha tone la mafuta pale mama alipozoea kulidondosha, kisha akakanyaga kanyagio mara chache ili ausikie ule mlio. Siku hizi nyumba ilikuwa kimya mno, naye hakuupenda ukimya huo hata kidogo.

Njiti lilikuwa jina la utani. Wenzake darasani walimpa kwa wembamba wake, naye alishaacha kubishana nao. Sketi yake ya shule ilimfika karibu na vifundo vya miguu. Mama ndiye aliyeishona. Mama huyo aliwapima wateja wake kwa utepe mpaka wakachoka kusimama, lakini binti yake hakuwahi kumpima. Alikisia tu, akaongeza shibiri nzima. "Utakua," alisema. Katika nyumba ile kila kitu kilinunuliwa hivyo. Viatu vilijazwa vitambaa mbele, sweta lilikunjwa mikono, na aliyelalamika aliambiwa kwamba hajui jasho la mtu.

Sasa mama alikuwa amelazwa katika hospitali kubwa, mbali, ng'ambo ya mto. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na kidonda cha mguuni kilikataa kupona. Kilianza na kiatu. Mteja mmoja alimpa viatu vyeusi vizuri sana, ila vilimbana. Mama alivipenda, akasema vitalegea. Kisukari kilikuwa kimeshautia mguu wake ganzi, kwa hiyo hakuyahisi malengelenge mpaka siku soksi iliponata kwenye ngozi.

Jumatatu simu ililia. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kufyatua matofali, aliipokea mikono yake ikiwa bado na udongo.

"Baba Njiti," sauti ya mama ilisikika hafifu. "Wameamua kuukata mguu. Ni Alhamisi."

Baba aliibana simu sikioni kwa mikono yote miwili.

"Njooni," mama aliendelea. "Nikizinduka nataka nione uso ninaoujua. Msiniache peke yangu humu."

"Tutakuja," baba alisema. "Sote wawili."

Kusema ni rahisi. Mvua zilikuwa zimelichukua daraja, na magari hayakupita tena. Watu walivuka kwa kivuko cha mbao, wakisukuma baiskeli zao, kisha wakaendesha siku nzima na zaidi katika njia ya tope na mawe. Baba alikuwa na baiskeli yake, lakini keria yake ingebeba unga, sufuria na blanketi za mgonjwa. Njiti hangekuwa na mahali pa kukaa.

"Kesho asubuhi tutakutafutia ya kwako," baba alisema. "Ikikosekana ya kukufaa, utabaki kwa mjomba wako."

Maneno hayo ya mwisho yalimkaa Njiti rohoni usiku kucha.

Muuza baiskeli aliitwa Spoku. Jina hilo alilipata zamani angali mwembamba kama waya wa gurudumu, na sasa tumbo lake lilitangulia kufika kila alikokwenda. Alikuwa mtu wa maneno makali, na mteja aliyemharakisha alijuta.

"Mnaenda wapi nayo?" aliuliza.

"Hospitali, ng'ambo."

"Na mzigo?"

"Na mzigo."

"Basi hapa hatuchagui rangi. Baiskeli ya kwendea dukani unaweza kuivumilia hata ikikusumbua. Ya safari ndefu, kosa dogo la asubuhi linakuwa jipu jioni." Alipiga teke tairi moja baada ya jingine. "Nataka tairi pana, gia nyepesi ya kupandia mlima, na keria iliyokazwa kwa boliti kwenye fremu, si ya kufungwa kwa waya. Ziko mbili tu. Hii na ile."

"Hii" ilikuwa fupi, ya kahawia, rangi yake imebanduka. "Ile" ilikuwa ya kijani, ndefu, inang'aa kila mahali. Spoku aliivuta ya kahawia.

"Simama, bomba la juu liwe katikati ya miguu yako. Nyayo zote mbili chini. Ukisimama hivyo, nataka vidole vitatu vipenye kati yako na bomba, ili ukisimama ghafla usiumie." Vidole vitatu vilipenya. "Panda. Weka kisigino kwenye pedali ya chini. Mguu umenyooka? Kiti kipo sawa. Shika usukani. Viwiko vimekunjika kidogo, vidole vimefika kwenye breki bila kuvutwa. Hii ndiyo yako, binti."

Wakati huohuo alipita mwanafunzi mwenzake, yule aliyeitwa Redio kwa sababu hakuzimika. "Njiti!" alipaza sauti kutoka barabarani. "Mmemnyang'anya mtoto wa chekechea?"

Njiti alishuka haraka. Uso ulimwaka.

Baba naye alikuwa akikuna kidevu. "Hii mwakani itakuwa ndogo. Mimi si mtu wa kununua baiskeli kila msimu. Ile ya kijani je?"

"Ile ni ya mtu mzima mrefu."

"Atakua," baba alisema.

Spoku aliguna, lakini aliileta. Njiti alisimama juu ya bomba. Lilimgusa, tena lilimsukuma juu. Akasimama kwa ncha za vidole, misuli ya miguu ikimtetemeka. Ile sketi ndefu ilifunika kila kitu.

"Nyayo zote chini?" Spoku aliuliza.

Njiti alimtazama baba. Alifikiri kwamba akisema hapana, watarudi kwenye ile ya kahawia, baba atakataa kuinunua, naye ataachwa kwa mjomba. Tena ile ya kijani ilikuwa nzuri jamani.

"Zote," alijibu.

"Breki zinafikika?"

"Zinafikika." Zilifikika kwa kucha.

Spoku aliitazama ile sketi kwa mashaka, lakini sketi ya binti wa watu hainyanyuliwi. "Mfungieni mzigo, azunguke uani kwanza," alisema.

"Hatuna muda," baba alijibu. "Mwenyewe amesema inamtosha."

"Haya. Miguu ni yake, yeye ndiye anayejua ilipofika."

Waliondoka mchana huohuo. Kwenye tambarare mambo hayakuwa mabaya. Njiti alijifunza kuondokea kwenye jiwe na kushukia kwenye jiwe, na baba, aliyekuwa nyuma yake, alidhani anacheza. Kila pedali iliposhuka, Njiti aliteleza upande mmoja wa kiti ili aifuate. Kabla hawajafika mtoni mapaja yalikuwa yamechubuka. Alijikaza kisabuni, akanyamaza.

Njia ya kushukia mtoni ilikuwa kali, na upande mmoja palikuwa na korongo. Mwanamume mmoja alijitokeza kwenye kona akisukuma mkokoteni wa kuni. Njiti alinyoosha vidole vyake kuishika breki, vikateleza. Akaishika tena, baiskeli ikakwama ghafla, naye akashusha mguu kutafuta ardhi. Mguu haukuikuta. Mzigo wa nyuma ukamvuta, akaanguka katikati ya njia na baiskeli juu yake.

Baba alikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: amkanyage mwanawe au aingie korongoni. Aliingia korongoni.

Njiti alisikia mlio mfupi, kisha sauti ya baba ikitaja jina lake halisi, lile ambalo hulitaja akiwa na hofu tu. Mtulinga wake wa kulia, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika. Mwenye mkokoteni alimwaga kuni zake zote kando ya njia, akamlaza baba juu ya mkokoteni, wakarudi walikotoka. Unga ulibaki umetawanyika kwenye tope.

Alhamisi ilifika. Baba alikuwa amelala chali, mkono umefungwa kifuani, akiitazama simu. Ilipolia, muuguzi ndiye aliyezungumza. "Amevuka salama, mshukuruni Mungu. Amezinduka sasa hivi." Kisha alisita kidogo. "Anauliza ni nani aliye mlangoni. Nimwambie nini?"

Baba alifumba macho. "Mwambie tupo njiani," alisema, na chozi likamshuka mpaka sikioni kwa kuwa hakuweza kugeuka.

Njiti alitoka nje akalia mpaka akaishiwa na pumzi. Aliporudi, alisimama karibu na kitanda.

"Baba, mimi ndiye niliyekuvunja. Dukani sikuwa nimekanyaga chini. Nilisimama kwa ncha za vidole nikasema inanitosha."

Baba aliiweka simu kando. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utaniacha. Na wewe ulisema nitakua."

"Nilisema," baba alikubali polepole. "Ungesema kweli ningekasirika, tena sana. Lakini hasira yangu ingekwisha siku ileile. Huu mfupa hauponi siku ileile." Alipumua kwa maumivu. "Nami nilikuwa na macho, mwanangu. Nilikuona ukishukia kwenye mawe. Kamwite mjomba wako."

Mjomba, fundi wa kupaka rangi, mtu mpole, alifika akiwa na rangi nyweleni. Yeye na Njiti waliisukuma ile ya kijani hadi kwa Spoku. Ilikuwa na mikwaruzo, na gurudumu la mbele limepinda. Njiti alieleza yote yeye mwenyewe, mjomba akiwa amesimama kando.

Spoku alisikiliza mpaka mwisho. "Njia ya mwongo ni fupi," alisema, "na ya kwako iliishia mtoni." Njiti aliinamisha kichwa. Spoku alijikohoza. "Na mimi nilikuwa na mashaka, nikauza. Bora ningepoteza mteja. Iacheni hapa, mchukue ile ya kahawia. Lakini safari hii uvae suruali, niione miguu yako kwa macho yangu."

Alimpima upya kila kipimo. Kisha alifunga matofali kwenye keria, akamwamuru azunguke uani, asimame ghafla, aondoke, asimame tena. Mara ya kwanza kisigino cha Njiti kiligonga mzigo. Spoku aliusogeza nyuma. Mara ya pili goti lilimuuma, naye Njiti alitaka kunyamaza kwa mazoea. Alisimamisha baiskeli.

"Kiti kipo chini kidogo," alisema. "Goti linauma."

"Alaa! Sasa tunasemezana," Spoku alisema, akachukua spana.

Njiti na mjomba walifika hospitali juma lililofuata, wamechoka na wamejaa tope, lakini wakiwa wazima. Wodini blanketi la mama liliinuka upande mmoja tu. Upande wa pili lilikuwa limelala kabisa. Njiti alijua ataliona hilo, na bado alishika ukingo wa kitanda.

"Umekuja," mama alisema.

"Nimechelewa, mama."

"Umechelewa." Mama hakuficha. "Nilipozinduka niliita. Nimshike nani mkono, hapakuwa na mtu. Sitakudanganya kwamba haikuniuma."

Njiti alimweleza kila kitu, ile sketi, zile ncha za vidole, korongo na mtulinga wa baba. Alipomaliza, mama aliupapasa upindo wa sweta kubwa la Njiti, akaukunja na kuukunjua.

"Sikiliza, mwanangu, kwa sababu somo hili nimelilipia kwa mguu. Mimi nilivaa kiatu nikasema kitalegea. Wewe ulipanda baiskeli ukasema inakutosha. Baba yako akasema utakua. Sote tulijua kweli, ila tuliona haya kuisema. Nguo ikiwa kubwa mimi naikunja pindo, maisha yanaendelea. Baiskeli haina pindo. Mguu hauna pindo. Kitu kinachobeba uhai wako kipime leo, kwa mwili ulio nao leo. Na ukiulizwa kama kinakutosha, sema kweli, hata kama umati wote unakusubiri."

"Nimesikia, mama."

"Haya, nishike mkono sasa. Huu nao una kazi."

Miezi ilipita. Daraja lilijengwa upya, mtulinga wa baba uliunga, ingawa uliunga kwa kupinda, na tangu hapo alifyatua matofali machache kuliko zamani. Kidonda cha mama kikakauka. Siku ya kujaribu mguu wa bandia, Njiti aliendesha baiskeli yake ya kahawia hadi hospitali, akasimama mlangoni mwa karakana, mahali mama angeweza kumwona.

Fundi wa miguu alikuwa na haraka. Kwenye benchi nje walikuwapo watu wengi wakisubiri zamu. Alikaza mikanda, akamwinua mama, akamwambia atembee. Mama alipiga hatua moja, akapiga ya pili, akishika mbao za pembeni. Watu wa kwenye benchi walipiga makofi. Fundi alitabasamu.

"Vipi, mama? Unakutosha?"

Mama aliwatazama waliopiga makofi. Kisha akamtazama binti yake mlangoni.

"Unabana," alisema. "Hapa kwa ndani."

"Ah, huo utalegea tu."

"Hautalegea," mama alisema, akaketi na kuanza kufungua mikanda. "Pima tena."