Buti Ndogo Zilizotangulia Ziwani

Colter Haugen ana mdomo mkubwa kuliko milima yote ya Montana. Jioni ile ya Mei alimwapia mama yake: "Nampeleka mdogo wangu Brenna ziwani tukaone kama barafu imeyeyuka. Kabla ya chakula tumerudi. Njia ile naijua hata nikiwa usingizini!"

"Uniletee mtoto mzima," mama akasema. "Hilo tu."

Huko juu theluji ilikuwa bado imeifunika njia. Ila kulikuwa na nyayo. Mtu mmoja mwenye buti ndogo alishapita. Wewe usijifanye ungekataa kuzifuata. Huku, machipuko yakifika, kila mtu hufanya hivyo: ukikuta nyayo unatia mguu humohumo, usije ukazama hadi mapajani.

"Kaka," Brenna akasema nyuma yake, "zote zinapanda. Huyu mtu alishukia wapi?"

"Aliota mabawa. Tembea, we mtoto wa mama!"

Ukungu ukashuka. Ikaja harufu ya tope, nzito, kama ndoo ya samaki iliyosahaulika juani. Mlima ukaisha. Pakawa tambarare... tambarare mno.

Krrr...

Chini ya buti zake.

Colter akaganda. Zile nyayo zilikuwa zimewatoa njiani na kuwaingiza katikati ya ziwa, juu ya barafu iliyooza kwa joto, isiyobeba mtu. Hatua tatu mbele yake zilikoma. Hapakuwa na shimo. Zilikoma tu.

"Brenna," akanong'ona, mdomo wote ule umekauka. "Usikimbie. Nipe mkono."

Glovu ikaingia kiganjani mwake. Wakageuka, wakaburuta miguu taratibu, barafu ikiguna kama mzee anayeamshwa. Mpaka buti yake ikagonga jiwe. Nchi kavu! Akacheka kwa sauti.

Ndipo akasikia.

"Kaka! Uko wapi? Mbona umeniacha?"

Sauti ya Brenna.

Kutoka ziwani.

Colter akamtazama aliyemshika mkono. Jaketi lilelile la njano. Madoadoa yaleyale puani.

"Usiitikie," huyu akanong'ona. "Inaniiga."

"Mbwa wetu... yule aliyekufa," Colter akauliza. "Aliitwa nani?"

"Otis," akajibu huyu.

"Otis!" ikalia sauti kule. "Kaka, maji yananifika kifuani... njoo!"

Colter akapiga hatua moja kurudi ziwani. Moja tu, nakwambia. Ule mkono ukamkaza. Barafu ikapasuka kwa mlio mrefu, kama msonobari unaoanguka.

Sauti ile haikuita tena.

Wakashuka hadi nyumbani. Mama akamkumbatia binti yake mlangoni, akamwekea supu. Binti akala bakuli tatu.

Tangu hapo mama anamsifu Brenna kwa majirani, eti ametulia, hana tena zile kelele zake. Colter hasemi kitu.

Juzi, joto la Julai limepamba moto, Brenna alimgongea chumbani.

"Kaka, twende ziwani tukaogelee."

Colter akajifunika shuka hadi kichwani, akajifanya amelala.

Brenna hajawahi kujua kuogelea.