Ndege wa Saba Alirudi kwa Miguu

Jioni ile nilitumwa mkate tu.

Bi Mbarka, ambaye nimepanga chumba kwake hapa El Haouaria, mji wa pwani ya Tunisia, alikuwa ameshateleka mchuzi wa samaki. "Wided, mwanangu, wahi kabla duka halijafungwa," aliniambia. "Chukua na wa Saber."

Saber ni kitinda mimba wake. Majira mawili ya baridi yaliyopita alipanda mashua ya magendo kwenda Italia, na katika mashua ile hajarudi hata mmoja. Kila jioni mkate wake hununuliwa, na kila asubuhi hupewa kuku.

Dukani nilinunua mikate, nikamkuta Lamjed, kaka yake Saber, ambaye pia ni mwenzangu wa kazi. Alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu. Usiku uliopita tulikuwa kisiwani Zembra, tukitambaa kwenye mawe.

"Daktari," alinitania kama kawaida, "umezeeka tangu asubuhi."

"Na wewe unanuka ndege."

"Mke wangu kanilaza uani kwa ajili hiyo."

Tulicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Kisha akashusha sauti. "Mama akubali swala ya kesho. Msaidie kukubali. Imamu atamswalia Saber swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyeonekana, tumalize. Mimi nimechoka kungoja, Wided. Nimechoka."

"Nimeshamwambia."

"Akasemaje?"

"Kwamba hamswalii mtu ambaye yeye hajui yuko wapi."

Hapo simu yangu ikatetemeka mfukoni.

Kazi yetu ni hii. Ndege wa Zembra ni wa kijivu, wa bahari kuu. Hukanyaga nchi kavu kisiwani tu, tena gizani, wakilia kama vichanga. Tunawashika mashimoni mwao, tunawapima uzito, tunawafunga mgongoni kifaa kidogo kwa utepe wa kunata, tunawaachia. Setilaiti huwaona waendako. Walipo wao ndipo walipo dagaa, na dagaa wakihama, bahari imebadilika. Mimi hufunga utepe. Lamjed humshika ndege na kunisomea mizani.

Nilitazama ramani kwenye simu, inayoonyesha kwa namba kila ndege tuliyemfunga kifaa msimu huu. Nikaitazama tena.

"Ndege wa saba yuko nchi kavu, huku bara."

"Paka kamla."

"Paka gani anayefika bahari kuu?"

"Paka wa serikali. Wale hufika popote."

Lakini hakucheka. Nami sikucheka, kwa sababu nilikuwa naona nukta zote za tangu jana. Zilianzia mbali, upande wa Sisilia, kwenye maji marefu. Zilikuja kwa mstari ulionyooka, usiojali upepo. Ndege huyu akiruka hulipita gari la mizigo. Nukta hizi zilikuwa zimekaribiana... zimekaribiana mno.

Mwendo wa mtu anayetembea.

Zilitoka baharini penye machimbo ya kale ya mawe. Zikapanda barabara. Zikapita shule.

"Labda kuna mtu kamwokota," Lamjed alinong'ona.

"Kamwokota katikati ya bahari, akaja naye kwa miguu?"

Nilitoa ile redio ndogo ya mkononi inayosikia kifaa kikiwa karibu, tukaanza kupanda mtaa. Ti... ti... ti... Jua lilikuwa limezama, taa hazijawashwa. Mbwa wa jirani, ambaye hubwekea hata kivuli chake, alikuwa amejibanza chini ya gari.

Ti, ti, ti.

Harufu ilitupokea kwenye kona. Harufu ya ndege wetu: mafuta, chumvi, kitu kilichofungiwa shimoni. Lakini nzito zaidi.

Redio ikalia mfululizo.

Tulikuwa tumesimama mlangoni kwa Bi Mbarka.

Lamjed alinishika mkono. "Nilimwekea yule ndege kitambaa," alisema. "Chini ya utepe. Kipande cha shati la Saber. Mama aliniomba... alisema ndege wanawaona waliozama. Wewe ulikuwa unakata utepe, hukuona."

Mlango ulikuwa wazi.

Sakafu ilikuwa na maji, unyayo baada ya unyayo, kutoka kizingitini hadi chumba cha Saber. Chumba kilikuwa kimefungwa. Mezani palikuwa na kifaa chetu. Utepe ulikuwa umebanduliwa tabaka kwa tabaka, taratibu, bila kung'oa hata unyoya. Kazi hiyo haiwezekani kwa mdomo wala makucha. Ni ya vidole.

Kitambaa hakikuwepo.

Bi Mbarka alikuwa akipakua mchuzi. Hakugeuka.

"Semeni polepole. Amelala."

Kutoka chumbani ilitoka sauti... kilio kirefu cha kichanga, kisha kimya. Ndege, nilijiambia. Ni ndege tu, kaingia dirishani.

Lamjed alikishika kitasa.

"Mwache," mama yake alisema. "Katembea sana."

"Mama... na swala ya kesho?"

"Mwambie imamu angoje."

Alibaki pale, mkono kwenye kitasa. Kukifungua kungemaliza kungoja kwake, kwa njia moja au nyingine. Kisha akauachia mkono uanguke. Akaketi, akachukua mkate niliouleta, akauvunja, akasogeza kipande mbele ya kiti kitupu.

Simu yangu ilitetemeka. Ikatetemeka tena. Ikawa haiachi.

Niliifungua ramani. Ndege wetu wote waliofungwa vifaa msimu huu walikuwa wameiacha njia ya dagaa. Mistari iliyonyooka. Nukta zilizokaribiana. Mmoja kuelekea mji wa Kelibia. Mwingine kuelekea kijiji cha Sidi Daoud. Wawili nyuma ya machimbo, wakipanda.

"Lamjed," nilinong'ona. "Vitambaa uliweka vingapi?"

Hakuinua uso.

"Akina mama wengine walisikia," alisema. "Walikuja mlangoni kwangu na mashati. Ningewaambia nini?"

Nje, kwenye nyumba ya chini kidogo mtaani, nilisikia mlango ukifunguliwa. Kisha sauti ya mwanamke, ndogo, iliyochoka, ikimwambia mtu aingie, chakula bado kina moto.