Kopo la Sukari la Fundi Saa

Mzee alikuwa fundi saa, na alipenda chai yenye sukari tele. Asubuhi moja alitia chumvi. Alikunywa funda moja, akatema, akatazama chini kama mtoto aliyevunja kikombe.

Binti yake alimwona kutoka mlangoni. Watu humwita Chapuchapu, na jina limemkaa. Alfajiri huoka mikate ya kuuza. Baadaye husafisha nyumba ya baba yake. Jioni huwapikia wanawe. Kukaa chini hajui.

"Baba, hiyo ni chumvi."

"Najua. Nilitaka kujaribu."

"Chumvi kwenye chai?"

"Chai ni yangu."

Chapuchapu hakucheka. Juzi baba alijikwaa kwenye meza, akapasuka paji la uso. Kabla ya hapo alilisalimu koti lililotundikwa mlangoni, akidhani ni jirani. Sasa chumvi.

Jioni alikuja kaka yake, fundi bomba. Huyu hamung'unyi maneno.

"Akili ya mzee imeanza kuyumba," alisema. "Tumhamishie kwangu. Nyumba hii tuipangishe."

"Na meza yake ya kazi?"

"Ya nini? Saa hatengenezi tena."

Mzee alikuwa chumba cha pili, lakini masikio yake yalikuwa mazima. "Humu nitatoka nimebebwa," alisema.

Chapuchapu alibaki katikati. Alikuwa amemwahidi marehemu mama yake kwamba baba hatang'olewa nyumbani kwake. Lakini je, akianguka tena? Tena yeye mwenyewe alikuwa amechoka, jamani, tusifichane. Kesho yake alilia huku akikanda unga.

Muuguzi mmoja, mteja wake wa mikate, aliyaona macho yake mekundu. Akamsikiliza, kisha akasema, "Mwite mratibu wa huduma za wazee."

"Ndiye nani huyo?"

"Ni mtu aliyesomea kazi hiyo. Hafui wala hapiki. Anakaa na mzee, anakaa na familia, anaangalia nini kinahitajika. Kisha anawaunganisha na daktari, na msaidizi wa nyumbani, na yeyote anayefaa. Halafu anafuatilia."

"Watu watasema nimemtupa baba yangu."

"Ukiumwa jino unakwenda kwa daktari wa meno. Umejitupa?"

Chapuchapu akapiga moyo konde. Kaka yake alinuna. "Mgeni atatuambia nini kuhusu baba yetu?"

"Atatuambia tusichokijua," Chapuchapu alijibu. "Kama tunajua kila kitu, mbona mzee anakunywa chumvi? Mimi namwita. Ukitaka, njoo ununie hapa hapa."

Kaka alikuja.

Mratibu alikuwa mwanamke mtulivu, asiye na haraka hata kidogo. Chapuchapu alianza kumweleza yote kwa pumzi moja.

"Nitakusikiliza, dada," mratibu alisema. "Lakini kwanza nizungumze na mwenye nyumba." Akamgeukia mzee. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Watoto wako wana hofu juu yako. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Ni muda mrefu hakuna aliyemuuliza mzee hivyo.

"Nataka kufia humu," alisema. "Lakini si leo."

Mratibu alicheka. "Basi nitengenezee chai."

Mzee alikwenda jikoni akipapasa ukuta, nao wakamfuata. Mkono wake ulifika moja kwa moja kwenye rafu ya chini, ukashika kopo. Lilikuwa la chumvi.

"Sukari hukaa wapi?" mratibu aliuliza.

"Hapa. Tangu enzi za mama yao."

"Kopo lake nililihamishia juu," Chapuchapu alisema. "Huku chini sisimizi wanaingia."

"Na meza iliyomuumiza?"

Kaka alikohoa. "Niliisogeza mimi. Ilikuwa inaziba njia."

Mratibu aliinua macho ukutani. "Mzee, wewe ni fundi saa. Mbona saa yako imesimama?"

Ndugu wawili waliitazama saa. Walipita chini yake kila walipokuja, na hakuna aliyekuwa ameona.

"Niliisikia ikinyamaza," mzee alisema polepole. "Lakini vyuma vyake vya ndani sivioni tena. Fundi asiyeona ni fundi gani? Nikaona aibu kusema. Nyumba hii naijua kwa mkono. Sasa kila nikiamka, kitu kimehama."

Chapuchapu alikaa chini. Ilimuuma sana. Usafi wake wote ule ndio uliompoteza baba ndani ya nyumba yake.

Mratibu hakumlaumu mtu. "Kila mmoja alisaidia kivyake," alisema. "Hamkuulizana, na yeye hamkumuuliza. Habari za akili ataamua daktari. Tuanze na macho."

Alipanga siku ya kliniki, na siku hiyo aliongozana nao. Daktari aliona mtoto wa jicho pande zote mbili. Alisema upasuaji utasaidia. Daktari mwingine akampima kumbukumbu, akaikuta nzuri.

Mratibu aliwatafutia msaidizi wa asubuhi, na mzee mwenyewe akamkubali. Gharama waligawana ndugu wote wawili. Chapuchapu akawa ndiye wa kupigiwa simu likitokea jambo. Kaka alifunga vyuma vya kushikia bafuni, akaning'inia mwenyewe kuvijaribu. Kila kitu kilirudi pale mzee aliposema. Na sharti likawekwa: hakuna kuhamisha hata kijiko bila kumuuliza. Baada ya hapo mratibu aliendelea kupita kuona hali.

Jicho la kwanza lilipofunguliwa bandeji baada ya upasuaji, mzee alimtazama binti yake kwa muda.

"Una mvi," alisema.

"Asante, baba."

Siku nyingi zikapita, na jicho la pili nalo likapona. Mchana mmoja Chapuchapu alikuja bila ufagio. Alikuja kunywa chai tu. Saa ya ukutani ilikuwa inatembea. Mzee alikuwa kwenye meza yake ya kazi, ameinamia saa ya jirani.

Jikoni, sisimizi wawili walikuwa wanazunguka kopo la sukari. Chapuchapu alitazama rafu ya juu. Mkono wake ukanyooka wenyewe.

"Liache hapo," baba alisema kutoka mezani. "Nakuona."